Kuvusha Nyimbo Kutoka Maandishi Hata Maandishi

Taifa huzihifadhi nyimbo zake kwa njia mbili: katika vifua vya watu wake na katika maandishi. Kifua kina uhai, lakini hufa pamoja na mwenyewe. Maandishi hudumu zaidi, ila nayo yana namna zake za kufa. Katika makala haya twakusudia kuzungumza juu ya maandishi ya muziki wa kwaya nchini mwetu, na hasa katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, tunakoishi na kufanya kazi. Tutalitazama jambo moja ambalo kwa haraka laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta tu, yaani kuzihamisha nota za wimbo kutoka programu moja ya kuandikia muziki hadi nyingine. Tutajaribu kuonyesha kwamba jambo hili ni la utamaduni kabla ya kuwa la ufundi, kwamba si geni kwetu, na kwamba likipuuzwa, nyimbo nyingi zilizotungwa na Watanzania katika miaka hii ya kompyuta zaweza kutoweka huku faili zake zikiwa bado mikononi mwetu.

Mfano kutoka katika lugha yetu

Wanafunzi wa Kiswahili wanafahamu kwamba lugha hii iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya Pate ina tarehe ya mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi hizo. Hali kadhalika mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa na kunakiliwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kitabuni kwa herufi za Kirumi.

Kazi ile haikuwa ya kunakili tu. Maandishi ya Kiarabu yana alama za irabu tatu, hali Kiswahili kina irabu tano. Wala hayakuwa na herufi yao ya p, ya ch wala ya v. Neno lililoandikwa kwa herufi hizo liliweza kusomwa "pita" au "peta", na aliyelivusha alipaswa kujua kwanza maana ya shairi, mizani yake na vina vyake, ndipo aweze kuamua. Mwalimu Sikujua aliweza kwa sababu alikuwa mjuzi wa lugha na wa mji wenyewe. Mtu mwenye mwandiko mzuri asiyejua Kimvita angetuachia kurasa safi zenye mashairi mabovu.

Twaliweka jambo hili mbele kwa sababu ndilo msingi wa hoja yetu yote. Kila maandishi yana mambo yanayoyaona na mambo yasiyoyaona. Unapovusha kazi ya sanaa kutoka maandishi haya hata yale, kuna kitu huanguka majini, na anayeweza kukiona kikianguka ni yule aliyeijua kazi hiyo kabla haijavuka.

Nota zilivyofika Kagera

Wazee wa Buhaya hawakuandika nota. Mpigaji wa enanga alikuwa na ubao wake uliochongwa kama mtumbwi mdogo, uzi ukapitishwa huku na huku juu yake hata ukafanya safu ya nyuzi, naye akazikaza kwa sikio lake mwenyewe akiimba habari za mashujaa na watawala. Tenzi hizo zimechunguzwa na mwanachuoni wa Kagera, M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986. Maneno ya tenzi yamevuka yakaingia vitabuni. Mkazo wa nyuzi, ambao haufuati vipimo vya piano, hauingii vema katika nota zozote tunazozitumia. Huo wahitaji kinasa sauti na mwanafunzi aketiye karibu na fundi.

Muziki wa kuandikwa uliletwa na misheni. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na kwa miaka mingi waumini waliimba Kilatini kwa nota za kale. Wamisioni wa Kilutheri wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910 na nyimbo za Kijerumani za sauti nne. Upande wa Wakatoliki mlango ulifunguka zaidi tarehe 4 Desemba, 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipopitisha hati juu ya liturujia, iliyoruhusu lugha za watu na kuagiza muziki wa mataifa uheshimiwe. Upande wa Walutheri, chuo cha Ruhija cha Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kilifundisha muziki wa kanisa, na nyimbo za asili zikapewa nafasi. Tangu hapo walimu wa kwaya wa Kagera wametunga kwa wingi, kwa Kiswahili na kwa Kihaya.

Walitunga kwa maandishi gani? Wengi wao kwa sol-fa. Jambo hili lastahili kuelezwa kwa vijana, maana wapo wanaodhani sol-fa ni nota za watu wasiojua nota. Majina ya sauti yenyewe ni ya kale, yakitokana na mafundisho ya mtawa wa Italia wa karne ya 11, Guido wa Arezzo. Maandishi ya herufi tunayoyatumia yalibuniwa Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich aliyaanzisha, na mchungaji John Curwen akayatengeneza na kuyaeneza kuanzia miaka ya 1840. Herufi saba zaonyesha sauti: d, r, m, f, s, l, t. Mstari wa wima na nukta mbili hugawa mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu, mkato hugawa robo, na kistari huendeleza sauti. Juu ya wimbo huandikwa Do ni ipi, basi.

Wema wa maandishi haya ni kwamba hayakuhitaji karatasi ya mistari mitano wala kiwanda cha kuchapisha muziki. Mwenye kalamu na daftari aliweza. Mwenye taipu aliweza zaidi, kwa kuwa alama zote za sol-fa zimo katika taipu ya kawaida, na wimbo uliopigwa kwenye stensili jioni uliweza kufika vigango kumi kesho yake. Tena Do ikihamishwa kutoka G hadi F kwa sababu sauti ya kwanza imechoka, hakuna herufi hata moja inayobadilika. Maandishi haya hayakuwa mali ya kampuni yoyote. Aliyejifunza Nshamba alisomeka Kampala, na aliyejifunza Kisumu alisomeka Kamachumu.

Wimbo wetu wa taifa ni ushahidi. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake sasa ni wa "Mungu Ibariki Afrika". Aliandika nyimbo zake daftarini kwa sol-fa, na daftari hilo husimuliwa kuwa lilipotea baada yake. Wimbo haukupotea, kwa sababu wengine walikwisha kuunakili kwa maandishi ambayo kila mwalimu wa kwaya aliyajua. Lau ungeandikwa kwa alama za siri zilizosomwa na chombo kimoja tu, ungekufa pamoja na chombo hicho.

Programu na faili zake

Kompyuta ilipoenea, walimu wa kwaya waliipokea kwa furaha, na walikuwa na haki. Programu ya nota huandika mistari iliyonyooka, huupigia wimbo sauti zote nne ili mtunzi asikie makosa yake, na huhamisha wimbo kutoka G hadi F kwa kubofya mara moja. Baadhi yao walianza na Finale, iliyotoka Marekani mwaka 1988. Wengine na Sibelius, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1993 na ndugu wawili pacha, Ben na Jonathan Finn. Na siku hizi wengi, hasa vijana, hutumia MuseScore, iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, ambayo hutolewa bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Iko pia Dorico, iliyotolewa mwaka 2016.

Kila programu kati ya hizi ina namna yake ya kuhifadhi wimbo, kama kila ofisi ilivyo na masijala yake. Sisi tulioshika majalada ya serikali kwa miaka mingi twaijua shida hiyo. Jalada laweza kuwa zima, halina ukurasa uliochanika, lakini kama mfumo wa namba uliolipanga umesahauliwa, barua iliyomo haipatikani. Na barua isiyopatikana, kwa mwananchi anayeisubiri dirishani, ni sawa na barua iliyoungua. Faili ya Finale haifunguki katika Sibelius, wala ya Sibelius katika Finale. Anayetaka kuuvusha wimbo lazima atafute chombo cha katikati.

Njia tatu za kuvusha

Njia ya kwanza ni ya picha. Mtunzi huugeuza wimbo kuwa PDF, akautuma kwa simu, nao hufika kama ulivyo, ukachapishwa steshenari na kuimbwa Jumapili. Ndiyo njia ipendwayo kuliko zote, na mkusanyo wa Swahili Music Notes, wenye maelfu ya nyimbo za kwaya, umeitumia kwa faida kubwa. Lakini picha ya wimbo ni picha tu. Ukitaka kuushusha wimbo sauti moja, au kurekebisha silabi iliyokosewa, picha haikubali. Zipo programu zinazosoma picha na kuigeuza kuwa nota, kama Audiveris, ila kazi yake yahitaji kukaguliwa alama kwa alama.

Njia ya pili ni ya vidole. Ni ile ya MIDI, mapatano ya watengenezaji wa vinanda vya umeme ya mwaka 1983. MIDI hueleza kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani na kwa muda gani. Do ya katikati ya kinanda ni namba 60. F iliyopandishwa ni 66, na G iliyoshushwa nayo ni 66. Kwa kidole ni kitufe kile kile. Kwa mwanamuziki hizo ni sauti mbili zenye maana tofauti, kama vile "kata" ya maji na "kata" ya utawala yasivyo neno moja ingawa herufi ni zile zile. MIDI haiijui tofauti hiyo. Na maneno ya wimbo, mara nyingi, huyaacha nyuma.

Njia ya tatu ni ya maana, nayo yaitwa MusicXML. Ilibuniwa na Mmarekani Michael Good, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2004, na tangu mwaka 2015 husimamiwa na kikundi cha wataalamu chini ya W3C, chombo cha kimataifa kiwekacho taratibu za mtandao; toleo la 4.0 lilitoka mwaka 2021. MusicXML ni maandishi ya kawaida ambayo hata binadamu aweza kuyasoma. Husema: hapa kuna sauti ya F, imepandishwa, ni ya oktavo ya 4, yadumu pigo moja, ni ya sauti ya pili, na silabi iliyo chini yake ni "ra", inayounganishwa na silabi inayofuata. Programu zote tulizozitaja huweza kuyatoa au kuyapokea maandishi haya. Hayauzwi, wala hayamzuii mtu.

Hata hivyo MusicXML nayo ina upofu wake. Iliundwa kwa ajili ya nota za mistari zilizokulia Ulaya. Haina mahali pake maalumu pa sol-fa ya Curwen. Kwa sababu hiyo watunzi wetu huziandika herufi za sol-fa kama kwamba ni ubeti mwingine wa maneno chini ya nota. Zikivuka, huvuka kama maneno matupu: nota ikibadilishwa kutoka m hadi f, herufi iliyo chini yake hubaki m, na mwanakwaya asomaye herufi huimba kosa kwa uaminifu mkubwa.

Kisa cha Muleba

Mwaka 2023, kwaya moja wilayani Muleba ilikuwa ikijiandaa kwa Noeli, na wanakwaya walitaka kuimba wimbo wa mwalimu wao wa zamani ambaye alikwisha kufariki. Faili yenyewe ilikuwa ya toleo la kale la programu ambayo hakuna kompyuta ya mtu yeyote pale iliyokuwa nayo. Pamoja nayo kulikuwa na MIDI ya wimbo huo, na fotokopi ya karatasi tatu. Ya pili ilikuwa imelowa na kushikamana hata haisomeki. Bukoba na Muleba ni nchi ya mvua. Mjini Bukoba hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi isiyotunzwa haina maisha marefu. Tulialikwa kwa kuwa twafahamika kuwa watu wa mashairi, tukaketi nao jioni tatu.

Kijana mmoja aliifungua MIDI katika programu yake. Sauti zilikuwepo, lakini nne zilikuwa zimebanwa katika mistari miwili, alama za kupandisha zilikuwa zimegeuka za kushusha, na maneno hayakuwepo hata moja. Alizitenganisha sauti kwa subira, kisha akaanza kuyarudisha maneno kutoka katika fotokopi. Ubeti wa kwanza ulipochapishwa na kuimbwa, ulikwenda upogo. Maneno yalitangulia muziki kwa nota moja, na kishindo cha neno "furaha", ambacho kwa Kiswahili hukaa katika silabi "ra", kiliangukia "ha".

Mama mmoja mzee wa sauti ya pili, aliyeuimba wimbo huo tangu ujana wake, ndiye aliyelitambua kosa. "Hapana, mwanangu," alisema, "pale mwanzoni mwalimu alituambia tuiimbe 'm' peke yake, na midomo ifungwe." Kijana akatazama tena, akaona kwamba aliandika "mto-to" mahali pa "m-to-to". Katika Kiswahili m hiyo ni silabi kamili na yastahili nota yake. Mshairi yeyote ahesabuye mizani alijua hilo kabla ya kompyuta kuzaliwa. "Ahsante, mama," alijibu, akalirekebisha, na wimbo wote ukarudi mahali pake kama mlango uliotiwa bawaba.

Ubeti wa pili mama huyo na wenzake waliukumbuka. Wa tatu, uliokuwa katika ile karatasi iliyolowa, hakuna aliyeukumbuka zaidi ya neno moja moja. Wanakwaya walitusihi tuandike ubeti mwingine wa kujaza pengo. Hatukukubali. Tuliwaeleza kwamba ubeti tutakaoutunga utakuwa wetu, nao baada ya miaka kumi utaaminiwa kuwa wa marehemu. Tulishauri waandike chini ya nota: "Ubeti wa tatu umepotea." Noeli ile waliimba beti mbili, wakaimba vizuri, na watu wakapiga vigelegele. Wachache tu kanisani walijua kwamba walikuwa wakisikia theluthi mbili za wimbo.

Maandishi ni mali ya nani

Kisa hicho si cha kwaya moja. Tarehe 26 Agosti, 2024, kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, baada ya miaka 35. Kampuni ilikuwa na haki yake. Ni biashara, na biashara hufungwa. Waliokwisha kuwa na programu hiyo waweza kuendelea kuitumia maadamu kompyuta zao zinaikubali. Lakini kompyuta huchakaa na kubadilishwa, na siku yaja ambapo faili za .mus na .musx zitakuwa kama sanduku lililofungwa na mwenye ufunguo hayupo. Ndani ya masanduku hayo zimo pia nyimbo za misa, za harusi, za mazishi na za sikukuu za taifa, zilizotungwa na Watanzania kwa lugha zao.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba, 1962, alieleza sababu za kuunda wizara ya utamaduni wa taifa, akatufundisha kwamba nchi isiyo na utamaduni wake imekosa roho. Wakati ule hofu ilikuwa kwamba vijana wangeziacha ngoma zao na kuiga za wageni. Leo iko hofu ya namna nyingine: kwamba tutatunga vilivyo vyetu, kwa lugha yetu, kisha tuviweke katika ghala ambalo ufunguo wake u mikononi mwa mtu tusiyemjua. Hatusemi programu za kigeni ziachwe. Twasema wimbo ukikwisha kuandikwa humo utolewe pia kwa maandishi yasiyo na mwenyewe, kama sol-fa ilivyokuwa haina mwenyewe.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, kila mwalimu wa kwaya mwenye faili za zamani azitoe katika MusicXML wakati programu ingali inafunguka. Finale yenyewe, katika matoleo yake ya baadaye, huweza kuligeuza folda zima kwa mara moja. Kazi ya jioni moja yaweza kuokoa nyimbo za miaka ishirini.

Pili, wimbo usihifadhiwe kwa namna moja. Pawe na MusicXML, pawe na PDF, na pawe na karatasi iliyochapishwa na kuwekwa pakavu, mbali na mchwa. Tena nakala zikae zaidi ya nyumba moja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi Bukoba na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Kabati moja, hata liwe imara, si masijala ya taifa.

Tatu, sol-fa isitupwe. Nakala ya sol-fa iandikwe na kuhifadhiwa peke yake, kwa sababu haivuki salama ndani ya programu, na kwa sababu ndiyo isomwayo na wanakwaya wengi wa vijijini. Mwanafunzi ajifunze maandishi yote mawili, kama mwanachuoni wa pwani alivyosoma herufi za Kiarabu na za Kirumi.

Nne, wimbo uliovuka uimbwe kabla ya kuaminiwa. Mmoja ashike karatasi ya zamani, mwingine atazame nota mpya, na waliouimba zamani wasikilize. Wakague Do, mapigo, sauti zote nne, silabi, alama za kurudia na beti zote. Kwa nyimbo za Kihaya uangalifu uzidi, kwa kuwa hiyo ni lugha ya toni. Tuni ikipanda mahali ambapo neno hushuka, msikilizaji husikia neno jingine. Shule za sekondari zaweza kuifanya kazi hii hata pasipo somo la muziki: wanafunzi wawili wenye kompyuta na bibi mmoja mwenye kumbukumbu wanatosha kuanza.

Tano, jina la mtunzi lisiachwe nyuma. Mara nyingi wimbo ukivuka mara mbili au tatu, jina hudondoka na mahali pake pakaandikwa "haijulikani". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye sisi wenyewe tumelifuta jina lake. Yaandikwe pia mahali na mwaka wa kutungwa.

Wako wazee watakaosema kwamba wimbo hukaa kifuani, na kwamba kompyuta zimeleta usumbufu. Twawaheshimu, na kisa cha Muleba chaonyesha kwamba wamesema kweli kwa sehemu: bila kifua cha mama yule wa sauti ya pili, kijana na programu yake wasingeuona ubeti wa kwanza. Ndiyo maana twawahimiza vijana wawaendee wazee hao sasa, wakiwa na daftari na kinasa sauti, kabla ubeti wa tatu haujafika mahali ambapo hakuna chombo kinachouvusha. Nasi twawaachia wanafunzi wetu ubeti huu mmoja, waunakili kwa maandishi yoyote wayapendayo:

Wimbo si mali ya wino, wala si ya karatasi,
Ni pumzi na maono, ya waliokuwa nasi,
Shikaneni kwa mikono, muuvushe kwa wepesi,
Usiachwe ng'ambo ile, wimbo wetu wa asili.